Damu chooni sio bawasiri tu: ijue mishipa midogo ya utumbo mpana

Ukiwa Kigoma ukasema tu mbele za watu kwamba umeona damu wakati wa haja kubwa, hujamaliza hata kuongea ushaambiwa ni bawasiri. Kibirizi watakwambia hivo, Ujiji watakwambia hivo, Mwanga utampata mtu wa kukuuzia mizizi ya kuchemsha, na duka la dawa utapewa tyubu ya kupaka bila mtu kukuuliza hiyo damu ina rangi gani, inakuja kabla ya choo au baada, imechanganyika na choo au inadondoka yenyewe pembeni. Na wengi kweli wanakuwa na bawasiri, sikatai. Ila wapo wanaopaka tyubu mwaka wa tatu huu na kinachowatoa damu kiko juu kabisa ndani ya tumbo, dawa ya kupaka haifiki huko hata siku moja, na kwa sisi wa huku ziwani kuna mdudu anaeishi ndani ya hiyo mishipa ya damu yenyewe, sio kwenye choo, ndani ya mshipa. Ndo maana nataka twende polepole tuione hiyo mishipa ilivyo, maana ukishajua damu inapitaje kwenye utumbo mpana unaanza kuelewa kwa nini damu ya huyu sio damu ya yule.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Unaanzia chini kulia pale karibu na kidole tumbo, unapanda mpaka chini ya ini, unakata kushoto kupita juu ya kitovu mpaka karibu na bandama, alafu unashuka upande wa kushoto, unajikunja kidogo ndo unaingia kwenye puru na njia ya kutokea. Damu inaletwa na ateri mbili kubwa zinazochomoka kwenye aota, ule mshipa mkuu uliopita mbele ya uti wa mgongo. Moja ni ateri ya mesenteri ya juu, hiyo inalisha upande wa kulia na sehemu kubwa ya kipande kinachokatiza katikati, ya pili ni ateri ya mesenteri ya chini, hiyo inalisha kushoto kushuka mpaka puru. Matawi yao yanagawanyika yanagawanyika mpaka yanakutana pembezoni mwa utumbo na kutengeneza mshipa mmoja unaoufuata utumbo karibu mwendo wote, na kutoka kwenye huo mshipa ndo vinachomoka vimishipa vifupi vilivyonyooka, madaktari wanaviita vasa rekta, hivyo ndo vinaingia kwenye ukuta wa utumbo wenyewe.

Sasa pale kona ya kushoto juu, karibu na bandama, ndo ateri hizi mbili zinapokutania, na kila moja inafika pale ikiwa imechoka. Ni kama nyumba za mwisho wa bomba: presha ya maji ikiwa nzuri zinapata sawa na wengine, presha ikishuka kidogo tu zinakuwa za kwanza kukauka. Kwa hiyo mtu, hasa mzee, akihara sana mpaka akaishiwa maji, au moyo wake ukawa hausukumi vizuri, au presha ikaporomoka kwa sababu yoyote ile, kipande kile cha utumbo kinaweza kukosa damu ya kutosha, tumbo linamkamata upande wa kushoto ghafla na baada ya masaa au siku moja hivi anaanza kuhara damu. Wengi wanapona wakiongezewa maji na kutibiwa kilichowaangusha, wachache utumbo unaoza na wanahitaji operesheni ya haraka. Huyu ukimpa dawa ya kuhara damu ya dukani ukamwacha nyumbani unampotezea muda.

Turudi kwenye vasa rekta. Ili viingie ndani lazima vitoboe tabaka la misuli la utumbo, na pale vinapotoboa misuli panakuwa dhaifu kidogo. Mtu akiishi miaka mingi na choo kigumu, utumbo unasukuma kwa nguvu, basi utando wa ndani unaanza kuchomoza nje kupitia hizo sehemu dhaifu na kutengeneza vifuko vidogo, vinaitwa daivatikula, na kile kimshipa kinajikuta kimetandazwa juu ya kifuko, kati yake na choo hakuna misuli tena, ni utando mwembamba tu. Siku kikichubuka damu inakuja nyingi, mara moja, bila maumivu, mtu anajaza choo damu na tumbo haliumi, anaogopa na ana haki ya kuogopa. Mara nyingi inaacha yenyewe ila lazima uende hospitali kwa sababu hujui yako kama ni ya kuacha. Denis Burkitt, yule daktari aliefanya kazi Uganda, aliandika sana miaka ya 1970 kwamba vijiji vya Afrika hivi vifuko vilikuwa adimu kwa sababu watu walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Kuna mengine nayo yanachangia, umri kwanza na ya kuzaliwa nayo, lakini mi naona ugali wetu wa muhogo na maharage na mboga za majani hatujaupa heshima yake, tunaukimbilia mkate mweupe na chipsi tukidhani ndo maendeleo.

Baada ya misuli vimishipa vinafika chini ya utando wa ndani, vinagawanyika kuwa kapilari, nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu zinapita karibu moja moja. Hizi kapilari zimezunguka kila kitundu cha utando wa ndani na kazi yake kubwa ni kuvuta maji na chumvi. Kila siku utumbo mwembamba unaukabidhi utumbo mpana kama lita moja na nusu ya uji uji na mpana unavuta karibu yote unabakiza kama mililita 100 hivi tu kwenye choo. Kwa ukubwa wa huo uvutaji ndo maana dawa ukiiweka njia ya haja kubwa inaingia kwenye damu bila kupitia mdomoni. Hili kwa mkoa wenye malaria kama wetu ni jambo zito: mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye malaria kali, hanywi, anatapika, analegea, na hospitali iko mbali, Shirika la Afya Duniani linaelekeza awekewe artesuneti ya njia ya haja kubwa alafu akimbizwe hospitali apate sindano. Inavutwa na mishipa hii hii. Na sio mbadala wa hospitali, ni ya kumvusha njiani tu.

Sasa hapa ndo patamu, damu ikishatoka kwenye kapilari inarudi kwa vena, na vena za utumbo haziendi moja kwa moja kwenye moyo kama za mguu au mkono. Zinakusanyika, za kushoto zinaingia vena ya mesenteri ya chini, za kulia ya juu, zote zinaishia kwenye vena moja kubwa inayoingia ini, yani vena ya mlango wa ini. Ini ndo linapokea kila kilichovutwa utumboni kabla mwili mzima haujapata. Na njia hii ina mambo mawili ya kuyashika: presha yake ni ndogo sana, na ndani yake hakuna vali za kuzuia damu kurudi nyuma. Vena za miguu zina vali, hizi hazina. Kitu kikiingia humo kinaweza kwenda na mkondo na kinaweza kupanda kinyume na mkondo.

Na kuna kinachopanda. Ni mnyoo wa kichocho cha tumbo, jina lake la kitaalamu Schistosoma mansoni. Wenzetu wa Usukumani na Unyamwezini wamezoea zaidi kichocho cha mkojo, mtoto anakojoa damu, kila mtu anaona na anajua, mnyoo wake ni ndugu wa huyu wetu na anakaa kwenye vena za kuzunguka kibofu. Wa kwetu huku Ziwa Tanganyika anakaa vena za utumbo, haonekani na hasemwi. Hata nyani wa Gombe wamekutwa nae.

Safari yake ni hivi. Mtu mwenye kichocho anajisaidia karibu na maji, mayai yanaingia majini yanapasuka, kinatoka kilava, yani mnyoo mchanga kabisa, kinachotafuta konokono wa maji baridi wa jamii ya Biomphalaria, wale bapa waliojiviringisha, wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, mifereji, vijito vinavyoingia ziwani. Ndani ya konokono kinazaliana, alafu baada ya wiki kadhaa konokono anaanza kumwaga vilava vingine maelfu kwa maelfu, na wengi wanatoka jua likiwa kali mchana. Sasa fikiria mchana nani yuko majini: watoto wametoka shule wanaogelea, kina mama wanafua na kuosha vyombo, wavuvi wanasukuma mitumbwi. Kilava kinatoboa ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache tu. Kinaingia kwenye damu, kinapita mapafu, kinapita moyo, kinafika ini, na kule kwenye vena ya mlango wa ini kinakua kwa wiki nne mpaka sita. Mtu mgeni na maji haya anaweza kupata homa, kikohozi, na vipele kipindi hiki, anapima malaria hana, anapewa dawa ya malaria hivo hivo.

Wakishakomaa wanaoana. Dume ana mfereji mwilini mwake, jike anaingia humo na wanakaa hivo, urefu wa kama sentimita moja, na wakiwa wawili wanapanda kinyume cha damu kwenda kwenye vena ndogo ndogo za utumbo mpana, hasa zile za upande wa mesenteri ya chini. Pale hawamsumbui mtu. Wanakula chembe nyekundu za damu na kunyonya sukari, na ngozi zao wamezivisha vitu vya mwenye mwili mpaka kinga yake haiwatambui vizuri. Wastani wanaishi miaka 3 mpaka 10, na kuna watu waliohama maeneo yenye kichocho wakakutwa na minyoo hai zaidi ya miaka 30 baadae.

Kwa hiyo shida kubwa sio mnyoo wenyewe, ni mayai. Jike anataga mayai kati ya 100 na 300 kila siku, ndani ya vena, yai moja ni kama sehemu ya saba ya milimita na lina mwiba ubavuni. Yai halina miguu. Ili litoke nje lazima litoboe ukuta wa vena, litoboe utando wa utumbo, lidondokee kwenye choo, na linalolisukuma ni uvimbe unaotengenezwa na kinga ya mwili wako mwenyewe, chembe nyeupe zinalizingira kulipiga vita na bila kujua zinalisaidia kupita. Hii sio hadithi: utafiti uliofanyika Kisumu, Kenya, miaka ya 1990 kwa waosha magari wa ziwani ulionyesha kwamba wenye virusi vya Ukimwi na kinga iliyoshuka walikuwa wanatoa mayai machache zaidi kwenye choo. Kinga ikilegea, yai halipiti.

Na kila yai linalopita linaacha kidonda kidogo. Kwa mtu mwenye minyoo michache hasikii kitu. Mwenye mingi ndo anapata tumbo la kusokota, choo chenye utelezi na damu kinachokuja na kuondoka, leo yupo sawa wiki ijayo anahara tena, mtoto anapungukiwa damu na darasani anasinzia. Wengine utando wa utumbo unaota vinyama vinavyovuja damu. Na hapa ndo watu wanaambiwa bawasiri! Kijana wa miaka 22 anaeshinda majini Katonga au Kibirizi anatoa choo chenye utelezi na damu, huyo tyubu ya kupaka inamsaidia nini?

Lakini karibu nusu ya mayai hayatoki. Yanachukuliwa na mkondo wa damu, na mkondo kama tulivyosema unaelekea ini. Yai likifika kwenye vimishipa vidogo vya ini linakwama, linazingirwa, linaacha kovu, na mayai mia kwa siku kwa miaka kumi ni makovu mengi sana. Makovu yanazunguka mishipa inayoingiza damu kwenye ini mpaka inabanwa, damu inakosa pa kupita, presha kwenye vena ya mlango wa ini inapanda, bandama inavimba mpaka unaishika kwa mkono chini ya mbavu za kushoto, tumbo linaweza kujaa maji, na damu inatafuta njia za pembeni, moja wapo ni vena za koo la chakula chini karibu na tumbo. Hizo vena hazikuumbwa kubeba damu nyingi hivo, zinavimba na siku zikipasuka mtu anatapika damu nyekundu beseni nzima. Vijijini akitapika hivo wanasema kalishwa sumu au karogwa, familia zinagombana, watu wanahamishana vijiji. Inauma sana kwa sababu chanzo kilikuwa kinatibika miaka kumi nyuma kwa vidonge vya siku moja.

Njia hiyo hiyo ya vena anaipita pia amiba, yule anaesababisha kuhara damu kwa maji na chakula kichafu, anachimba vidonda kwenye utumbo mpana alafu wengine wanaingia kwenye vimishipa na kusafirishwa mpaka ini, wanatengeneza jipu huko. Mtu anakuja na homa na maumivu ya mbavu za kulia na wala hakumbuki kama aliwahi kuhara.

Bawasiri yenyewe sasa. Kila mtu, mzima kabisa, ana vimto vitatu hivi, kama mito midogo ya kulalia, vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, vinasaidia kufunga vizuri ili hewa na choo visivuje. Havikuja na ugonjwa. Vinakuwa bawasiri vikishavimba na kushuka, kwa kujikamua sana, choo kigumu, ujauzito, kukaa chooni muda mrefu na simu mkononi. Damu yake ni nyekundu inayong'aa kwa sababu humo ateri na vena zimeungana moja kwa moja, kwa hiyo inayovuja ni damu iliyojaa oksijeni, inadondoka baada ya choo au inaonekana kwenye maji ya kutawadhia, choo chenyewe ni cha kawaida. Hiyo ndo picha yake. Na mwenye presha ya ini niliyoieleza hapo juu anaweza kuvimba vena za puru vile vile, kwa macho inafanana fanana na bawasiri lakini ni kitu kingine, ukimkata huyo kienyeji anaweza kuishia hapo hapo. Wale wanaokata na kuchoma bawasiri mitaani naomba waelewe hili, na wanaowapelekea wazazi wao zaidi.

Upande wa kulia wa utumbo mambo ni ya kimya kimya. Pale mwanzoni utumbo ni mpana kuliko kwingine kote, ukuta unavutika zaidi, na kwa watu wa miaka 60 kwenda juu vivena vya ndani vinaweza kutanuka na kujikunja kunja vikawa vinavuja tone tone, wanaita anjiodisplasia. Saratani nayo ikiota inajitengenezea mishipa yake mipya ya damu, mibovu, inavuja. Damu ya huko inasafiri mita nzima na choo, inachanganyika, inakuwa ya hudhurungi au haionekani kabisa, kinachoonekana ni mzee anaechoka, anapauka viganja, moyo unamwenda mbio akipanda kilima cha Gungu, anapimwa damu iko chini anapewa vidonge vya kuongeza damu na kurudishwa nyumbani. Mtu mzima anaeishiwa damu bila sababu inayoeleweka lazima utumbo wake uangaliwe, vidonge peke yake havitoshi. Kumbuka pia hivyo vidonge vya madini ya chuma vinafanya choo kiwe cheusi, usichanganye na choo cheusi kinachonata chenye harufu kali, hicho mara nyingi ni damu ya tumboni juu na ni cha kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari usimpelekee jina la ugonjwa, mpelekee maelezo. Rangi ya damu, imechanganyika au iko pembeni, kuna utelezi au hakuna, tumbo linasokota au halina neno, imeanza lini, umekonda au hujakonda, unaingia ziwani au mtoni mara ngapi, nyumbani kuna mtu alipata saratani ya utumbo. Usione aibu akitaka kukupima kwa kidole, ni dakika moja na inagundua mengi. Damu nyingi, kizunguzungu, jasho la baridi, hapo usisubiri asubuhi.

Kwa sisi wa ziwani omba kipimo cha choo cha kichocho kwa jina lake, maana kipimo cha choo cha kawaida kinaweza kupitiliza. Hicho cha kichocho, kinaitwa Kato-Katz, kinatumia kipande kidogo mno cha choo, kama miligramu 42, na mayai hayatoki sawa kila siku, ndo maana kukosa mara moja sio kwamba huna, peleka choo cha siku mbili tatu tofauti. Kuna na kipimo cha mkojo kinachonasa kitu kinachotemwa na minyoo yenyewe, kikiwepo ni kizuri zaidi kwa kichocho hiki cha tumbo. Dawa ni prazikuanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ndo ile watoto wanapewa shuleni baada ya kupimwa urefu, na wapewe wakiwa wamekula kwa sababu tumbo tupu inachafua roho na kizunguzungu juu. Inaua minyoo mikubwa, michanga ya chini ya mwezi inaiacha, kwa hiyo kama uliingia majini juzi utahitaji kurudia baadae, na haikuzuii kupata tena kesho. Maji ya kuogea yaliyochotwa ziwani yakikaa kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili bila konokono ndani, vilava vinakuwa vimekufa. Na mtoto akitibiwa mapema, yale makovu ya ini kwa wengi yanapungua, ultrasaundi inaonyesha kabisa, wakati kwa mtu mzima aliekaa nayo miaka mingi makovu huwa hayaondoki kirahisi hivo.